Mgeni wa Miaka Ishirini na Miwili

Kitu alichokitaka Mama Birika kilikuwa kidogo kiasi kwamba mtu anaona haya kukieleza. Alitaka asimamishwe. Basi. Alhamisi moja mchana asimame mbele ya klabu yetu, ataje jina lake na kazi yake, aseme ni nani kamleta, apigiwe makofi, akae. Wageni wote tunawafanyia hivyo. Niliwahi kumwona muuza bima aliyekosea mlango akifanyiwa hivyo hivyo, akapewa na kibendera cha mezani, akashuka ngazi bado anaitafuta ofisi aliyoijia.

Tupo watu ishirini na watatu. Tunakutana kila Alhamisi saa saba mchana kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ngazi kumi na tisa kwenda juu, na mwenye duka ni mwenzetu, ndiyo maana tunavumilia harufu ya rangi. Tunafanya karibu kila jambo jema ambalo mtu anaweza kulifanya bila kuchafua shati: tunapanda miti kando ya barabara ya hospitali, tunawahimiza watu wachangie damu, tunakusanya miwani ya zamani, tunaazimisha viti vya magurudumu na magongo, na mara moja kwa mwaka tuna Siku ya Kugawa. Nasema kwa mzaha, lakini miti imeota, na wapo watu wanaotembea leo kwa magongo yetu, kwa hiyo asije mtu kunisuta kwamba naikashifu klabu. Mimi ndiye katibu wake. Saa nyingine zote niko dukani kwangu nauza dawa.

Tuna taratibu zetu, na tunazishika kwa ukali ambao wake na waume zetu wanaucheka. Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu, anagonga kengele. Katibu anaita majina. Anayechelewa anatoa kichekesho, hata awe na sababu gani. Halafu mwenyekiti anauliza, "Tunao wageni?" na mwanachama aliyekuja na mgeni anainuka naye. Mgeni lazima awe ameletwa na mtu. Hiyo ni kanuni.

Mama Birika alikuwa mpika chai wetu. Alikuja kwetu wakati bado anafua mashuka hospitalini, Alhamisi ikiwa siku yake ya mapumziko, na alipostaafu akabaki nasi. Jina lilitokana na birika letu la alumini, kubwa kama ndoo, alilolibeba kwa mkono mmoja mpaka magoti yalipoanza kumsumbua. Msimdhanie mkono wa birika, maana huo hakuwa nao hata chembe. Sukari ya mwezi mzima iliisha katika wiki mbili kwa sababu walinzi na wapagazi wote wa duka la chini walikuwa wameshapata kikombe. Jiko lake lilikuwa na dirisha la kupitishia vikombe linalofungukia ukumbini. Hapo ndipo alipokaa, kwenye stuli, viwiko juu ya ubao, akitutazama kwa miaka ishirini na miwili.

Kazi yake kwa maandishi ilikuwa chai. Lakini tulipokwenda kuwatembelea wazee kwenye nyumba yao, yeye ndiye aliyekaa nyuma ya pikapu akizuia magongo yasidondoke. Mti ukinyauka, yeye ndiye aliyejua ni wa nani na ni wiki ngapi huyo mtu hajaenda kuumwagilia. Kitambaa cha mablanketi ya Siku ya Kugawa kililetwa kwa jora, naye akakikata na kuzipinda kingo zake zote kwa mkono. Tukitaka kujua ni nani kweli hana godoro na ni nani anatupiga chenga, tulimuuliza dirishani, akatujibu bila hata kuacha kufuta vikombe. Na ulipofika wakati wa picha, simu zetu zote zilimwendea yeye. "Mama Birika, hebu tupige!" Tunajipanga, mwenyekiti katikati, matumbo ndani. Yeye anarudi nyuma hatua tatu, nne, anapiga. Tunazo picha za miaka ishirini na miwili na yeye hayumo hata moja.

Mwaka ule binti yake, anayeishi mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, alimwambia yatosha. Magoti hayataki ngazi, njoo ukae kwangu, nyumba ya chini. Mama Birika alitupa habari hiyo huku akipitisha vikombe: ataondoka mwisho wa mwezi unaofuata. Tukasema, "Aa, mama, sasa unatuacha na nani?" tukaendelea na ajenda. Zilikuwa zimebaki Alhamisi tano. Sasa najua alikuwa akizihesabu.

Alhamisi ya kwanza kati ya hizo tano nilifika mapema kupanga makaratasi. Nilipokuwa kwenye ngazi za juu nikasikia mtu akizungumza ukumbini, taratibu, kwa sauti ya mkutano. Nikachungulia. Mama Birika alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha wageni, aproni ameivua na kuikunja vizuri mezani, mikono ameiweka kwenye egemeo la kiti.

"Bwana mwenyekiti, wanaklabu," alisema. "Mimi naitwa..." Akataja majina matatu ambayo sikuwa nimeyasikia maishani. "Kazi yangu ni kupika chai. Zamani nilikuwa nafua mashuka hospitalini. Nimeletwa hapa na..."

Akakohoa kidogo, akaanza upya, jina, chai, mashuka, akafika palepale, akakwama tena. Mara ya tatu alipofika kwenye "nimeletwa" aliangaza macho kwenye viti vitupu kimoja kimoja, kama anatafuta mtu wa kumtaja.

Lazima mjue kwamba mama huyu alikuwa hodari wa kuigiza. Angeweza kumtoa mwenyekiti na kikohozi chake, daktari wa meno mwenzetu na jinsi anavyonong'ona hata akiwa hana mgonjwa, na mimi na kalamu yangu, mpaka tukashika mbavu. Kwa hiyo nikaangua kicheko, nikaingia napiga makofi.

"Leo umemtoa nani, mama? Yule wa bima?"

Alishtuka. Halafu akacheka nami, akachukua aproni yake na kuivaa. "Huyohuyo wa bima," alisema. "Si unamkumbuka, alikuwa anaongelea puani?"

Hakuwa ameongelea puani. Nililigundua hilo nikiwa nimesimama pale, nikaliacha lipite, nikaenda kupanga makaratasi yangu.

Sasa niwaeleze kuhusu jina la moyoni, maana hapo ndipo nilipoharibu. Kwenye Siku ya Kugawa, watu wengi wanaopewa vitu wanatoka kwenye orodha ya zahanati. Lakini kila mwanachama ana nafasi moja ya kwake. Anaandika jina la mtu anayemjua, anaeleza mtu huyo apewe nini, anafunga bahasha, na bahasha zinafunguliwa siku yenyewe mbele ya watu. Anayetajwa hajui mpaka asikie anaitwa. Tunaupenda sana utaratibu huu. Watu wanalia, na sisi tunawatazama wakilia tukijisikia vizuri.

Mwaka ule sikuwa na mtu. Mafua yalikuwa yameshika mji mzima na duka langu halikuwa na nafasi ya kupumua. Alhamisi ya pili nikamwona Mama Birika akipanda ngazi, mkono mmoja kwenye chuma cha ukuta, akipumzika kila baada ya ngazi tatu, na nikajiona nimepata akili. Yeye! Apewe blanketi na fimbo nzuri ya kutembelea. Nikachukua fomu nikajaza. Kwenye nafasi ya jina nikakuna kichwa. Yale majina matatu nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu wiki moja tu nyuma, tena mara tatu, na yote yalikuwa yamenitoka. Nikaandika "Mama Birika", nikalamba gundi ya bahasha, nikarudi dukani nimevimba kichwa kwa wema.

Siku ya Kugawa iliangukia Alhamisi ya tatu. Tulikuwa kwenye uwanja wa zahanati, meza ndefu imetandikwa kitambaa cha buluu cha klabu, sisi upande mmoja na beji zetu, wanaopokea upande wa pili kwenye mabenchi. Mama Birika alikuwa upande wetu, nyuma kidogo, na chupa za chai na simu tatu za watu. Niliona amevaa gauni ambalo sijawahi kumwona nalo na kitambaa cha kichwani kilichopigwa pasi mpaka kikasimama. Nikadhani ni kwa ajili ya wageni wa zahanati.

Bahasha yangu ilifunguliwa mwisho. Mwenyekiti anapenda mambo ya kushtukiza, akaisoma kimoyomoyo kwanza, akatabasamu.

"Na sasa," alisema kwenye kipaza sauti, "tuna mtu ambaye nyote mnamjua. Mtu ambaye bila yeye klabu hii isingekuwa na miguu. Miaka ishirini na miwili yuko nasi!"

Nilimtazama Mama Birika. Alikuwa ameishusha simu aliyoishika. Uso wake ulifunguka wote, nao haukuwa uso wa kuigiza mtu. Alianza kufungua kamba ya aproni kwa haraka, vidole vinamkosea, akaivua, akaiweka kwenye kiti changu, akapiga hatua moja kuelekea kwa mwenyekiti, upande wetu wa meza.

"Mama Birika!" mwenyekiti aliita. "Zunguka huku mbele, mama, upokee zawadi yako."

Alisimama. Nadhani alifikiri hakusikia vizuri, kwa sababu alitaka kupiga hatua nyingine. Mwenyekiti, kwa upole wote wa dunia, akamwonyesha njia kwa mkono. "Zunguka, mama. Zunguka tu."

Akazunguka. Meza ile ina urefu wa hatua tisa kwa mtu mwenye magoti mabovu. Watu walikuwa wanapiga makofi, na mimi nilikuwa napiga kuliko wote. Alifika upande wa pili, akasimama walikosimama wenzake wote asubuhi ile, akakunja goti, akapokea blanketi kwa mikono miwili kama alivyowaona watu wakipokea kwa miaka ishirini na miwili. Nilimwona akipitisha kidole gumba kwenye pindo. Lilikuwa pindo lake mwenyewe, mshono wake.

"Asanteni wazee wangu," alisema. "Mungu awazidishie." Ndivyo wanavyosema wote.

Picha alipiga daktari wa meno. Kisha Mama Birika akarudi kwa njia ileile, akavaa aproni, akamimina chai ya watu mia moja na kumi, akaosha vikombe. Tulipopakia pikapu nililikuta blanketi limekunjwa vizuri juu ya kitambaa cha buluu cha klabu, na fimbo juu yake.

Alhamisi ya nne hakuja. Jiko lilikuwa limefungwa, ufunguo ameuacha duka la chini pamoja na ujumbe mmoja: mwambieni katibu sukari imeisha. Tukanywa maji. Mwenyekiti akasema mama amechoka, tumwache apumzike, na mwenye duka akatoa kichekesho chake cha punda kwa mara ya mia. Daktari wa meno akapitisha simu yake ili tuone picha za Siku ya Kugawa. Nusu ya kila picha ilikuwa kidole chake. Nikafika kwenye ile ya Mama Birika.

Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka kumi na saba. Namjua mtu anayejikaza. Anakuja na karatasi ya dawa ya mtoto wake, anaongea vizuri, anatabasamu, anauliza habari za nyumbani, na wewe unajua kwamba akifika nje atashika ukuta. Huo ndio uso uliokuwa kwenye picha. Alikuwa ameshika blanketi na macho yake yako upande wetu wa meza, kwenye kiti changu, ilipokuwa aproni. Hapo ndipo nikaisikia tena sauti yake kwenye ukumbi mtupu. Nimeletwa hapa na. Nimeletwa hapa na. Nikamrudishia daktari simu yake, nikashuka ngazi bila kumuaga mtu.

Alikuwa amepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ua wa pamoja. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, anafunga vyombo kwa magazeti.

"Umekuja na lile blanketi?" aliuliza kabla sijasalimia. "Kama umekuja nalo, rudi nalo."

"Sijaja nalo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, ingia. Lile blanketi mpelekee fundi viatu wa pale kona. Jina lake nililitaja dirishani mwaka jana, nikalitaja na mwaka huu. Kila mtu alitikisa kichwa, hakuna aliyeandika."

Ndani masanduku mawili yalikuwa yameshafungwa. Lakini ukutani, kuanzia dirishani hadi mlangoni, zilikuwa bado zimening'inia kalenda. Kila mwaka klabu inachapisha kalenda yenye picha kumi na mbili za shughuli zake, na zilizobaki huwa tunazifungia vitu. Yeye alikuwa nazo zote. Nikasimama mbele ya moja, ya mwaka wa kupanda miti.

Aliinuka kwa kujisukuma na magoti, akaja akasimama kando yangu. "Unaona hapa chini, kwenye miguu ya mwenyekiti? Hicho kivuli?"

"Nakiona."

"Mimi huyo. Jua lilikuwa nyuma yangu." Akafunua kurasa. "Na hapa tena, kwenye ile siku ya damu. Hii hapa, pembeni, ncha ya kidole. Mwezi wa nane huu kuna kioo cha gari, ukitazama sana naonekana na kile kitambaa changu cha kijani." Alikuwa anaonyesha kwa raha, kama mtu anayemwonyesha mgeni albamu ya harusi. Halafu akaacha. "Binti yangu anasema nizitupe."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini?"

"Kwamba ulitaka... ile siku nilipokukuta ukumbini."

"Niseme, jamani nileteni? Mgeni anajialika?" Alikaa kitandani. "We ni katibu, hebu niambie. Kuleta mgeni kunahitaji kura?"

"Hapana."

"Kikao?"

"Hapana, mama. Mtu yeyote kati yetu angeweza. Alhamisi yoyote."

"Najua. Kanuni mnaisoma kila mwaka mbele yangu, naijua kuliko wewe." Akachukua kikombe, akakizungushia gazeti, akalikaza. "Nilikuwa najiambia labda leo. Wakiuliza, tunao wageni, mimi naweka sahani chini, nafuta mikono. Kila Alhamisi. Mtu mzima na mvi zake! Halafu juzi mwenyekiti alivyoanza kusema ya miaka ishirini na miwili, nikasema moyoni, haya, wamekumbuka."

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Yeye hakulia, alinipa gazeti nifute uso, nikatoka na wino puani.

"Alhamisi ijayo nitakuleta mimi," nilisema.

"Usinifanyie huruma, mwanangu. Nimeshaonewa huruma juzi, imenitosha."

"Si huruma."

"Ni nini sasa?"

"Nimechelewa tu, mama."

"Anayechelewa anatoa kichekesho," alisema, akanigeuzia mgongo, akaendelea na vikombe vyake. Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja.

Alhamisi ya mwisho niliita majina kwa sauti isiyokuwa yangu. Basi la Mama Birika lilikuwa kesho yake alfajiri. Mwenyekiti akasoma kumbukumbu, akapindua karatasi. "Tunao wageni?" Akatazama huku na huku, akataka kuendelea.

"Subiri kidogo," nilisema.

"Unaye mgeni, katibu?"

"Ninaye. Sijui kama atafika."

Mwenyekiti hapendi ajenda isimame, lakini aliweka kalamu chini. Tukakaa. Chini kule wapagazi walikuwa wanashusha mabati. Nikaanza kuona watu wakitazama saa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakata tamaa, pale tuliposikia mguu kwenye ngazi. Mmoja. Kituo. Mwingine. Tuliusikia kila mguu wa zile ngazi kumi na tisa.

Aliingia kwa mlango wa ukumbi, na gauni lile la Siku ya Kugawa, mkoba mkononi, bila aproni.

"Umechelewa, mama," mwenye duka akaropoka kwa mazoea, kisha akauma ulimi.

"Nimechelewa," alisema Mama Birika. Alikuwa bado anahema. "Basi nitoe kichekesho. Kuna watu ishirini na watatu waliapa kuhudumia watu wote. Na hata mmoja wao hajui sukari inakaa wapi."

Kicheko kilipasuka, kikubwa, cha watu wote. Halafu kikapungua kidogo kidogo, kwa sababu kila mtu alikuwa ametazama kikombe kitupu mbele yake. Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Mimi nikainuka, nikavuta kiti cha wageni, naye akaja akasimama nyuma yake, mikono kwenye egemeo.

"Bwana mwenyekiti, wanaklabu. Mimi naitwa..." Akataja majina yake matatu. Hapa siyaandiki. Nilimwomba ruhusa, akasema kwenye hadithi niandike Mama Birika inatosha, yale mengine ni ya kwenye orodha. "Kazi yangu ni kupika chai. Zamani nilikuwa nafua mashuka hospitalini. Nimeletwa hapa na..."

Alikwama. Macho yake yalipita kwenye viti vyote, kimoja kimoja, kama siku ile, ila sasa kila kiti kilikuwa na mtu, na kila mtu aliyefikiwa na macho hayo aliinamia meza. Yakafika kwangu.

"Na huyu wa dawa," alisema. "Kachelewa kidogo, lakini kanifikisha."

Makofi yale siwezi kuyaeleza. Yalipoisha, daktari wa meno, kwa ule mnong'ono wake, akasema anaomba jina la mama huyu liingizwe kwenye orodha ya wanachama. Mwenye duka akaunga mkono. Mwenyekiti akasema kwa masikitiko kwamba kanuni inataka wiki mbili za kusubiri.

"Mwenyekiti," daktari alisema, "amesubiri wiki elfu moja na mia moja."

Mwenyekiti, mtu wa vipimo, alihesabu kwa vidole chini ya meza. Nilimwona. Kisha akagonga kengele. Nikafungua kitabu, nikaandika mstari wa ishirini na nne, majina matatu. Chai waliipika mwenye duka na mwenyekiti, ikachukua dakika arobaini na ikaja bila majani ya kutosha. Mama Birika alikaa wakati wote huo na mkoba mapajani, akisikia vikombe vikigongana jikoni kwake, na mara mbili nilimwona akianza kuinuka, akajizuia, akakaa tena.

Asubuhi yake aliondoka. Kalenda alikwenda nazo, zote.

Ni mwaka wa pili sasa. Jikoni tunaingia kwa zamu na sukari tunajua inapokaa. Dirisha liko wazi, na kila tukifika "Tunao wageni?" macho yangu yanakwenda pale yenyewe, na ninachokiona ni ubao na stuli. Namkumbuka mpaka naudhika. Nakumbuka viwiko vyake juu ya ubao na jinsi alivyokuwa akitucheka kwa mabega. Tulikuwa naye Alhamisi zaidi ya elfu moja, mimi peke yangu zaidi ya mia nane, na niliyomtazama ni moja.

Alhamisi saa tisa simu yangu inalia. Anasubiri ajue mkutano umekwisha.

"Mmeita majina?"

"Tumeita, mama."

"Na la kwangu?"

"La mwisho, kama kawaida."

"Mmelitaja lote?"

"Lote. Yote matatu."

Nyuma yake nasikia wajukuu na maji yanayomiminwa. Wiki iliyopita akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza. "Na mkiliita, nani anaitika?"

Nikamweleza ukweli kwamba tangu mwanzo daktari wa meno anaitika kwa niaba yake, anasema yuko safarini.

"Mwambie aache," alisema. "Asiniitikie mtu. Mkiniita nyamazeni kidogo, mjue kwamba sipo."

Leo nimeita. Ishirini na watatu wameitika. Nikasoma la ishirini na nne, polepole, na mwenyekiti akainua mkono kuwazuia watu, tukakaa kimya na vikombe vyetu mpaka mimi mwenyewe nilipoandika mbele ya jina lake kwamba hayupo.